Je, Bijou amezeeka tu au anaumwa? Jibu kwa mama wa Katuba

SWALI: Nina mbwa jike wa kienyeji, jina lake Bijou, mwenye umri wa miaka 11. Hajawahi kufungwa kizazi, na mara ya mwisho alikuwa kwenye joto mwezi wa nne. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze anainuka kwa shida asubuhi, na kwa majuma matatu sasa anakunywa maji mengi na kukojoa pale anapolala, jambo ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mtoto. Chakula chake ni bukari (ugali) na vichwa vya kapenta (dagaa wakavu). Kijana anayetibu wanyama mtaani alimpiga sindano, akachangamka siku mbili, kisha akarudia hali ileile. Kaka yangu anasema nimpe ibuprofeni na nimpunguzie maji usiku. Jirani anasema ni uzee, nimwache tu. Nifanye nini? (Mama mmoja, Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Mama, kabla ya maelezo yoyote, kuna mambo ambayo ningependa uyashike leo hii. Usimpunguzie Bijou maji, hata usiku, hata kama atalowesha nyumba nzima. Usimpe ibuprofeni wala kidonge kingine chochote cha binadamu cha kutuliza maumivu. Na kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa wanyama, usingoje baridi iishe, kwa sababu swali lako lina mambo mawili ambayo yakiwekwa pamoja hayaniruhusu kukubaliana na jirani yako: mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi, na kiu kubwa iliyoanza majuma machache baada ya joto.

Mbwa jike akimaliza joto, homoni ya projesteroni hubaki juu mwilini mwake kwa takriban miezi miwili, awe amepandwa na dume au hakupandwa. Homoni hiyo hunenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi na kupunguza nguvu yake ya kujikinga na vijidudu, na kwa kuwa jambo hilo hurudiwa kila baada ya joto, mwaka baada ya mwaka, mfuko wa mbwa mzee huwa dhaifu kuliko wa mbwa kijana. Vijidudu vikipata nafasi hapo, mfuko hujaa usaha. Ikiwa mlango wa kizazi uko wazi, utaona uchafu mzito wenye harufu ukimtoka, au utamwona akijilamba nyuma mara kwa mara. Ikiwa mlango umefungwa, hutaona uchafu wowote, na hapo ndipo hatari ilipo kubwa zaidi, kwani dalili zitakuwa tumbo kutuna, kukataa chakula, kutapika, unyonge, na ile kiu. Sumu zinazotoka kwa vijidudu huzuia figo kurudisha maji mwilini, hivyo mkojo hutoka mwingi na mwepesi, na mbwa hulazimika kunywa ili kufidia kile anachopoteza. Sasa unaona kwa nini kumnyima maji ni kumdhuru: hanywi kwa tamaa, anakunywa ili asikauke.

Daktari atampapasa tumbo na, akiwa na mashine ya ekografia, yaani ile inayoonyesha picha ya ndani ya tumbo, ataweza kuuona mfuko uliojaa kwa dakika chache. Ikiwa ndivyo ulivyo, tiba ya kutegemewa ni upasuaji wa kuutoa mfuko wenyewe pamoja na vifuko vya mayai, baada ya kumtia maji ya mshipani na antibiotiki. Usikubali kuambiwa kwamba miaka 11 ni mingi mno kwa upasuaji huo. Umri peke yake si sababu ya kuukataa, na mfuko uliojaa usaha ukipasuka tumboni mbwa huweza kufa kwa siku moja au mbili.

Sijamgusa Bijou, kwa hiyo siwezi kusema kwamba ugonjwa wake ni huo. Figo zinazochoka huleta kiu ileile, na kisukari pia, na magonjwa ya ini, na kuvurugika kwa tezi za juu ya figo. Hata sindano aliyopigwa inahitaji kuulizwa. Sindano nyingi zinazomfanya mbwa mzee achangamke siku ileile huwa na deksamethasoni, dawa ambayo hupunguza uvimbe na maumivu upesi lakini pia huongeza kiu na mkojo, hushusha kinga ya mwili, na huweza kuficha usaha unaojikusanya ndani. Mtafute yule kijana kwa upole, bila kumgombeza, umwulize jina la dawa na tarehe aliyoitoa, na kama kichupa kipo bado, kipige picha. Jambo hilo lina uzito wa aina mbili. Kwanza, daktari atajua kama kiu ilitangulia sindano au ilifuata. Pili, dawa ya jamii ya deksamethasoni ikikutana tumboni na dawa ya jamii ya ibuprofeni, vidonda vya tumbo hutokea kwa urahisi sana.

Kuhusu ibuprofeni yenyewe, namwelewa kaka yako, kwa sababu ni dawa inayopatikana kila duka na inamsaidia mtu mwenye maumivu ya mgongo. Mwili wa mbwa haufanani na wetu katika jambo hili. Ibuprofeni huzima kemikali zinazolinda utando wa tumbo na zinazoweka wazi njia ya damu kuelekea figo, na mbwa huathirika kwa kiasi kidogo kuliko binadamu. Atatapika, pengine damu, kinyesi kitakuwa cheusi kama lami, na figo zake, ambazo kwa Bijou huenda tayari zina shida, zitasimama. Diklofenaki ni hivyohivyo. Parasetamoli nayo huumiza ini na chembe nyekundu za damu. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama vile meloksikamu na kaprofeni, lakini hata hizo hutolewa na daktari baada ya kupima damu, pamoja na chakula, na kamwe si kwa mbwa aliyekauka maji.

Usiku wa leo unaweza kuanza kazi moja ambayo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Chukua chupa ya lita moja na nusu, ijaze, na maji yote atakayokunywa Bijou yatoke katika chupa hiyo. Funika ndoo ya kufulia, ondoa beseni, zuia njia ya kwenda kwenye mfereji. Andika saa uliyoanza na kiasi ulichomimina, na ukimwongezea, andika tena. Kisha jipime kwenye mizani ukiwa umembeba, jipime bila yeye, na tofauti ndiyo uzito wake. Mbwa mzima kiafya hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa 24, na anayepita mililita 100 kwa kilo ni mgonjwa hadi vipimo vionyeshe vingine. Kwa mbwa wa kilo 20, maana yake ni kwamba lita moja na robo haitushtui, lakini zaidi ya lita mbili inatushtua. Usichelewe kwenda kwa ajili ya kukamilisha saa 24. Nenda na hesabu uliyo nayo.

Asubuhi, anapokojoa kwa mara ya kwanza, ingiza upawa safi au kisahani chini yake, upate mkojo kidogo, uutie katika kichupa safi kilichokauka na uufikishe ndani ya saa mbili. Mkojo huo utaonyesha kama kuna sukari, kama kuna usaha au damu, na muhimu zaidi, kama figo bado zina nguvu ya kuukoleza. Nalisisitiza hili kwa sababu kipimo cha damu cha kreatinini, yaani taka ambayo figo huitoa mwilini, ambacho wengi hukitegemea peke yake, hupanda wakati takriban robo tatu ya uwezo wa figo imekwisha kupotea. Mbwa anaweza kuwa na damu inayoonekana nzuri huku mkojo wake ukiwa mwepesi kama maji ya bomba, na huyo si mzima.

Je, miaka 11 ni uzee? Ndiyo, kwa mbwa wa umbo la kati ni uzee, ingawa ile hesabu ya kuzidisha kila mwaka kwa saba haina ukweli. Mbwa wakubwa, kama wale wa Kijerumani wanaolinda nyumba nyingi hapa mjini, huanza kuzeeka kwenye miaka 7 au 8, na wadogo kabisa hufika miaka 10 au 11 bado wana nguvu. Uzee hupunguza mbio, huongeza usingizi, huleta mvi mdomoni. Kukojoa usingizini, kunywa bila kukoma, kukonda huku anakula, kukohoa usiku: hayo yana sababu nyingine, na sababu nyingi kati ya hizo zinatibika au zinatulizwa. Huniumiza moyo kumpokea mbwa ambaye figo zake zimekwisha, nami nikisikiliza maelezo ya nyumbani naona kwamba dalili zilianza miezi sita nyuma, ila kila mtu alikuwa amezizoea.

Sasa tuje kwenye kuinuka kwa shida, ambako nadhani umri umeshika sehemu yake halisi. Lubumbashi iko kwenye takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, ingawa mchana jua huwaka vizuri. Baridi haisababishi ugonjwa wa viungo. Ugonjwa huo hutokana na gegedu, yaani ule mfuniko laini wa ncha za mifupa, kulika kidogo kidogo kwa miaka mingi hadi kiungo kivimbe na kuuma. Lakini kiungo kilichokwisha kulika hukakamaa zaidi usiku wa baridi, na mbwa anayelala juu ya sementi hupoteza joto lake kwa sementi hiyo usiku kucha.

Usimsubiri Bijou alie ndipo uamini kwamba anaumwa. Mbwa wenye maumivu ya kudumu hulia mara chache sana. Mwangalie anapoinuka: je, anatanguliza miguu ya mbele na kuuvuta mwili wa nyuma? Je, anatembea kwa ukakamavu mwanzoni, kisha analainika baada ya kuzunguka lupango, yaani ua wa nyumba, mara mbili au tatu? Shika mapaja yake yote mawili kwa mikono miwili ukiwa nyuma yake. Paja lililokonda ni la mguu ambao amekuwa akiuepuka kwa muda mrefu. Tazama kucha, kwa maana mbwa asiyetembea vya kutosha haziliki, hurefuka na kupindisha vidole, na kila hatua humwongezea maumivu. Tazama na viwiko. Mbwa wa sementi huwa na viwiko visivyo na manyoya, ngozi nene ya kijivu iliyopasuka, na katika mipasuko hiyo huingia uchafu hadi kidonda kinatunga usaha. Ukikuta ufa wa namna hiyo, usafishe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, na umwonyeshe daktari siku hiyohiyo.

Kitanda chake hakihitaji fedha nyingi. Vipande vya mbao vilivyonyanyuliwa kidogo kutoka chini, juu yake gunia lililojazwa nyasi kavu au kipande cha godoro la sponji, kisha kitambaa kinachofulika, vinatosha. Tengeneza viwili, kwa sababu kwa hali yake ya sasa kimoja kitakuwa kinakauka wakati kingine kinatumika. Mkojo ukikaa kwenye ngozi humchoma na kumtia vidonda. Mweke mahali upepo haufiki. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa katika kitenge na kuwekwa karibu na mgongo wake humsaidia sana kabla ya alfajiri, alimradi anaweza kuisogelea au kuiacha atakavyo. Lakini nakuomba usilaze mbabula, yaani jiko lenye makaa ya moto, katika chumba kilichofungwa kwa ajili yake: hewa yake ya sumu haina harufu, na itamwua yeye pamoja na watoto waliolala humo. Asubuhi jua likitoka, mwongoze akalale juani nusu saa kabla ya kutembea. Matembezi mafupi mara mbili au tatu kwa siku ni bora kuliko moja refu, na kumwacha amelala siku nzima kunazidi kumlegeza.

Uzito una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador walifuatiliwa maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao, na hao waliishi karibu miaka miwili zaidi, tena ugonjwa wa viungo ulichelewa kuwafika. Pitisha vidole juu ya mbavu za Bijou bila kukandamiza. Ukizihisi chini ya ngozi bila kuziona kwa macho, uzito wake ni mzuri. Ukilazimika kuzitafuta, punguza bukari. Zikiwa zinaonekana kutoka mbali, amekonda, na kwa mbwa mwenye kiu hilo pia mwambie daktari.

Bukari humshibisha lakini haimjengi misuli, na mbwa mzee anahitaji protini nzuri zaidi kuliko alivyohitaji akiwa kijana. Kapenta nzima ni bora kuliko vichwa pekee. Ikiwa imetiwa chumvi, iloweke na kumwaga maji yake kwanza. Yai la kuchemsha, utumbo uliopikwa vizuri, au nyama kidogo pia vinafaa. Vipimo vikionyesha figo zimechoka, mpango utabadilika: samaki wakavu wenye mifupa yao, na mifupa kwa jumla, vina fosforasi nyingi inayozielemea figo, hivyo itabidi kupunguza kapenta na kuongeza yai, hasa ute wake. Ndiyo maana sikupi mlo kamili leo. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu usimpe kabisa, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu. Na kuna desturi moja inayonisikitisha katika mji unaokula mahindi kama wetu, nayo ni kuwapa mbwa unga ulioota ukungu kwa kuwa watu hawawezi tena kuula. Ukungu huo huweza kubeba sumukuvu, ambayo huua ini la mbwa, na kuupika unga hakuiondoi.

Mambo mengine nitayataja kwa ufupi. Rangi ya buluu hafifu ndani ya macho ya mbwa mzee mara nyingi haizuii kuona, lakini weupe kama maziwa ni mtoto wa jicho. Harufu mbaya ya kinywa huashiria meno mabovu ambayo humfanya aache chakula kigumu. Papasa chuchu zake zote mara moja kwa mwezi, na uvimbe wowote, hata kama punje ya haragwe, uonyeshwe, kwa sababu takriban nusu ya uvimbe wa matiti ya mbwa huwa saratani. Angalia fizi: zikiwa nyeupe badala ya nyekundu, huenda kupe wamemwambukiza ugonjwa wa damu, na huo hutibiwa kwa dawa, hata kwa mbwa wa umri huo. Akiwa amelala usingizi mzito, hesabu pumzi zake kwa dakika moja. Zikizidi 30 siku baada ya siku, moyo au mapafu yapimwe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haiachwi kwa sababu mbwa amezeeka. Mbwa mzee ambaye kinga yake imekwisha muda, na ambaye ghafla anabadilika tabia, anauma bila sababu, anashindwa kumeza au sauti yake inageuka, asishikwe na mtu wa nyumbani wala asisemwe kwamba akili yake imechoka. Mfungie mahali na umwite daktari. Ikiwa amekwisha kumwuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku ileile kutafuta chanjo. Kwa Bijou, chanjo ya mwaka huu itangoja apone kwanza.

Hukuuliza, lakini huenda liko moyoni mwako: itakuwaje ikiwa vipimo vitaleta habari mbaya? Mwombe daktari akuambie wazi nini kinatibika, nini kinatulizwa tu, na kwa gharama gani, kabla hujatoa franka za kwanza. Kama Bijou hali tena, hawezi kuinuka kwenda kujisaidia, na dawa za maumivu hazimpi nafuu, daktari anaweza kumlaza asiamke tena kwa sindano ya dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, naye hasikii maumivu. Sumu ya kuchanganya katika chakula isiingie katika nyumba yako kamwe, kwa maana kifo chake huwa cha mateso ya saa nyingi, na ni hatari kwa watoto na wanyama wa majirani.

Lubumbashi ina bahati ya kuwa na kitivo cha tiba ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na madaktari waliosomea hapo wanafanya kazi mjini. Muulize unayemwendea kama anaweza kupima damu na mkojo, na kama ana ekografia au anajua kwa nani utaipata siku hiyohiyo. Nenda na kichupa cha mkojo, karatasi ya hesabu ya maji, jina la sindano, tarehe ya joto la mwisho, na kadi ya chanjo kama ipo. Mbebe au mpakie garini, asitembee mwendo mrefu, na usimpe chakula asubuhi hiyo, kwa kuwa huenda upasuaji ukahitajika; maji aendelee kunywa hadi mtakapofika. Na kama usiku huu atatapika, tumbo litakaza, au atashindwa kusimama, usingoje asubuhi.